Chupa Sitini za Mzee Nzuki

Wazee wetu, viongozi wa kanisa, majirani wa Kathiani, na ninyi mliotoka Machakos mjini na Katelembo, tunawashukuru kwa kufika leo Jumamosi, tarehe 28 Agosti 2004, na kabla hatujaendelea ni vizuri mjue kwamba jana familia ilikaa ikabishana juu ya karatasi hii, wengine wakitaka habari za nzi ziachwe kwa kuwa si za kusomwa mbele ya jeneza, lakini marehemu aliacha neno kwamba zisirukwe, na neno la marehemu halina rufaa.

Marehemu Jeremiah Nzuki Musembi alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Kathiani, mtoto wa tatu wa Mzee Musembi na Mama Munyiva, ambao wote wametutangulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza kidato cha nne mwaka 1968, na walimu walimsifu zaidi kwa mwandiko wake, maana moja yake na saba yake hakuna aliyewahi kuzichanganya.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya mifugo mjini Machakos, akihesabu kupe, na tarehe 3 Julai 1995 akahamia kituo kidogo cha utafiti wa wadudu upande wa Katelembo, akakabidhiwa nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Jina lake kwa Kikamba ni nyuki, kwa hiyo hamkukosa la kusema, mkamwita nyuki anayechunga nzi, naye akacheka pamoja nanyi, akaendelea kuwapikia nzi wake uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira.

Alifunga ndoa na Kavindu tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa watoto wawili, Mukai aliyezaliwa mwaka 1976, ambaye sasa ni muuguzi, na Makau aliyezaliwa mwaka 1979. Mwaka 1993 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, akaanza kujidunga insulini kila siku bila kulalamika, na pengine bila kuuogopa ugonjwa huo kama ilivyopasa.

Mwaka 1998 alifika kituoni Bi Farhia Elmi, binti wa Mzee Elmi mnunuzi wa mbuzi mnayemfahamu nyote, akitafuta shahada yake ya udaktari, na swali lake lilikuwa kuzeeka. Kuna nzi wanaozaliwa na kasoro katika jeni moja, ile inayoufanya mwili usikie homoni iliyo ndugu ya insulini, na nzi hao huwa wadogo, hawatagi mayai, lakini huishi kuwapita wenzao, na kwa kuwa katika miili yao homoni nyingine, ile ya ujana, huwa imepungua, Bi Farhia alitaka kujua kama ukiwarudishia hiyo watataga na kuzeeka kama wengine. Marehemu aliwagawa nzi hao katika chupa sitini, thelathini zilizotiwa homoni na thelathini zisizotiwa, akahesabu waliokufa kila siku, na kufikia Mei mwaka 2000 jibu lilionekana wazi, waliopewa homoni walikufa siku thelathini kabla ya wenzao. Wageni wa kusikiliza jibu hilo walialikwa Jumatano, tarehe 7 Juni.

Jumamosi, tarehe 3 Juni, marehemu alikuwa nyumbani akimtazama mkewe akiligeuza boksi la vifaranga lililokuwa na taa upande mmoja, akamuuliza kwa nini analigeuza, naye Kavindu akamwambia, "Nisipogeuza hii boksi, hawa wako karibu na taa wanamea manyoya haraka, hawa wa huku wanabaki tu vile walikuwa." Marehemu alisimama pale na kikombe mkononi hadi chai ikapoa. Chupa zenye homoni zilikuwa na harufu ya spiriti, naye kwa uangalifu wake, akihofia harufu hiyo isiwadhuru wengine, alikuwa amezipanga zote katika rafu ya juu ya kabati la joto, karibu na balbu, na nzi akikaa penye joto huzeeka mapema, homoni au bila homoni. Kesho yake baada ya ibada alikwenda kituoni na vipimajoto viwili, rafu ya juu ikasoma nyuzi ishirini na saba, ya chini ishirini na tatu.

Hakuna mtu mwingine aliyejua, na Bi Farhia alikuwa amebakiza siku tatu tu. Jumatatu asubuhi marehemu alimwambia. Bi Farhia alifunga mlango wa ofisi, kisha akasema, "Mzee, ungenyamaza tu, hakuna mtu angejua," naye akamjibu kwamba mtu mmoja alikuwa anajua tayari, na sasa wako wawili. Wageni waliandikiwa wasije. Kwa wiki nzima Bi Farhia hakumsalimia, na marehemu alituambia kwamba wiki hiyo ilimuuma kuliko sindano zote.

Kazi ilianza upya Jumatatu, tarehe 4 Septemba 2000, na kila siku saa sita mchana, Jumapili zikiwemo, alibadilisha chupa rafu, za juu zikashuka, za chini zikapanda. Mwezi wa Oktoba kiatu kilimchubua mguu wa kushoto, akaufunga kitambaa akanyamaza, yeye ambaye hakuweza kunyamazia rafu, na kufikia Novemba Mukai aliijua harufu ya kidonda kinachooza kabla hata baba yake hajavua soksi. Alimwambia aende hospitali siku hiyo hiyo, naye akasema apewe wiki tatu, nzi wamebaki wachache. Tulikasirika, na hasira hiyo hatujaimaliza yote hata leo.

Jumatatu, tarehe 20 Novemba, Kavindu, aliyeishia darasa la tano, alimwambia mumewe kwamba nzi atawahesabu yeye, na kwamba mwenye kukataa hilo hapendi ukweli ila anajipenda. Marehemu alimfundisha siku tatu: gonga chupa mara tatu, subiri, gonga tena, na asiyesogeza hata mguu mmoja ndiye aliyekufa, andika. Alhamisi akalazwa. Jumamosi, tarehe 25, mguu wake ulikatwa chini ya goti, na saa sita mchana Kavindu alikuwa kituoni akibadilisha rafu.

Tulinung'unika, sisi ndugu zake tunaosoma haya, tukauliza ni mke gani huyu anayemwacha mumewe wodini akaketi na nzi. Tarehe 6 Desemba nzi wa mwisho alikuwa chali, na ingekuwa rahisi kumwandika aondoke, lakini kila alipogonga, mguu mmoja ulisogea, kwa hiyo akarudi kesho yake, na kesho kutwa, hadi Jumamosi, tarehe 9, siku ya tisini na sita, ndipo akaandika, akafunga daftari, akaenda hospitali. Tofauti ya siku thelathini ilikuwa imebaki kumi na moja, maana yake homoni ilizeesha kweli, ila si kwa kiasi kile. Bi Farhia alipata shahada yake mwaka 2002, na ripoti yake ina majina matatu, lake, la marehemu, na la Kavindu. Mama Kavindu, utusamehe.

Mwaka 2003 figo zilianza kushindwa, na Jumanne, tarehe 17 Agosti 2004, saa nane mchana, marehemu alinyamaza. Muuguzi alipofika alimkuta Kavindu akigonga chuma cha kitanda mara tatu, anasubiri, anagonga tena. Hakulia hadi alipokwisha kuandika saa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompa miaka minne ambayo hatukuitarajia, majirani waliomsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kanisani, wenzake wa kituoni, na Dkt. Farhia na wazazi wake, walioleta mbuzi wa matanga kabla hatujaomba chochote.

Mzee Nzuki, siku zako ni elfu ishirini, mia sita na kumi. Mkeo amezihesabu, na Mukai amezirudia. Pumzika kwa amani.