Mwalimu Salvator na Watu wa Mahindi

Ijumaa, tarehe 30 Julai 1993, Mwalimu Salvator Ndihokubwayo anastaafu baada ya kufundisha historia shuleni kwetu Biryogo, hapa Kigali, kwa miaka ishirini. Mimi, Gatera, nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu mwalimu wa Kiswahili ni mgonjwa. Nafundisha hesabu. Msomaji avumilie.

Alifika Kigali akitokea Ngozi, Burundi, mkimbizi mwenye mke, Épiphanie, na sanduku la vitabu vya Kifaransa. Mtaala ulimtaka afundishe jinsi Wahispania walivyotawala Amerika. Kwa wengine hilo ni somo la saa moja: merikebu, dhahabu, mtihani. Yeye alilitengea wiki nzima. Alisimulia jinsi mapadri wa Kihispania walivyochoma vitabu vya Wamaya, na jinsi Wamaya waliofundishwa herufi za Kilatini ili wasome katekisimu walivyozitumia herufi hizo hizo kuandika upya, kwa lugha yao, habari za kuumbwa kwa ulimwengu. Hapo aling'aa uso kama mtu aliyeshinda kesi.

Habari zenyewe ni hizi. Mwanzoni palikuwa na mbingu na bahari tu, kimya. Waumbaji walitaka viumbe watakaowakumbuka. Wakafinyanga mtu wa udongo, akalowa, akamomonyoka. Wakachonga watu wa mbao. Hao walitembea na kuzaa, lakini hawakuwa na moyo wala kumbukumbu, mpaka vyungu vyao na mbwa wao wakawageuka na kuwapiga. Mwishowe Waumbaji wakasaga mahindi, ya njano na meupe, na kwa unga huo wakapatikana watu.

Mwezi wa Mei aliamua tuziigize habari hizo. Sehemu ya mtu wa mbao alinipa mimi, akisema sitahitaji mazoezi. Walimu wenzangu waliafiki upesi kuliko walivyowahi kuafiki jambo lolote kikaoni. Hata hivyo nilifanya mazoezi nyumbani, mke wangu akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Siku ya mchezo ua ulijaa. Wanafunzi walioigiza vyombo vya jikoni walinivamia kwa ari ambayo sijawahi kuiona katika somo la aljebra. Sufuria ikanizama kichwani, ikagoma kutoka. Ndipo mzazi mmoja mwenye suti, aliyejulikana mtaani kwa siasa zake, akasimama. Vicheko vikakatika.

"Mwalimu," aliuliza, "hawa watu ya mbao hawana moyo, iko watu gani hapa Rwanda?"

Siku hizi, watu wanapopimwa kwa kabila, swali kama hilo laweza kufunga shule. Laweza kumfunga mtu pia. Mkurugenzi wetu, Donatille, alishika kiti chake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kutokea, jambo gumu ukiwa ndani ya sufuria.

Mwalimu Salvator alininyooshea kidole.

"Iko Gatera, bwana. Yeye peke yake. Uliza mwanafunzi yeyote."

Kicheko kilifika hadi mtaa wa pili, Rwezamenyo. Niliinama kutoa heshima, sufuria ikagonga meza, na yule bwana mwenyewe akacheka, akaketi. Sijawahi kufurahi hivyo kuitwa gogo. Kisha, bila kupandisha sauti, Mwalimu akaongeza:

"Na hawa ya mahindi ni sisi wote. Unga ni moja."

Mchezo ukaendelea.

Baadaye, katika chumba cha walimu, alinipaka mafuta ya kupikia masikioni ili sufuria itoke.

"Unisamehe, ndugu yangu," alisema. "Sikuona jina lingine la kutaja ambalo halingeleta msiba."

Wiki ijayo anarudi Ngozi. Uchaguzi wa Juni huko Burundi umempa matumaini. Ameambiwa nyumba yake haina paa. Amejibu kwamba paa ni kazi ya fundi.

Mwalimu, asante kwa kila saa uliyotufundisha, hata sisi tusiokuwa darasani kwako. Wewe na Mama Épiphanie mfike salama, mwezeke, mlale usingizi usiosikilizia mlango. Tunawatakia maisha mema.