Windows na L

Kwenye basi la kutoka Kabanga, Emilian aliketi na mama asiyemjua, Esperansia, aliyepakata kompyuta kama mtoto mwenye homa.

"Eti fundi anataka ninunue mpya!" mama alifoka. "Kwenye simu aliniambia nibonyeze vitufe vya Windows na L pamoja. Nikabonyeza, ikajifunga, na nywila nimesahau."

"Mama, hiyo L ndiyo ya kufunga. Huenda alisema R, ya kufungua mahali pa kuandika amri."

"Alisema L! Mashine imetii, kosa lake nini? Sinunui ng'o! Akabadilishe ulimi wake kwanza."

Emilian aliona hoja hiyo ina uzito. Mbele kibao cha barabarani kilikuwa kimeandikwa KASULO. Esperansia akainuka na mashine yake, akapaza sauti:

"Konda, nashuka Kasuro!"