Simba Mmoja kwa Sarafu ya Tundu

Wasikilizaji wapendwa, uvumi wenyewe mama aliuokota kwenye foleni ya dawa. Eti sarafu ya zamani yenye picha ya simba inanunua nyumba. Akaupuuza. Ukamfuata hadi jikoni. Akalala nao, akaamka nao.

Leo tunamkumbuka mwanawe, fundi saa aliyeitwa Jicho Moja. Jina lilitokana na kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kutwa nzima. Hata mezani alikuja nacho. "Chakula hakina skurubu, baba wee," mkewe alimtania. Fundi saa, na mpenzi wa sarafu za zamani. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Sarafu zake zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Moja aliifunga peke yake kwa karatasi: ndogo, nyeusi, ina tundu katikati. "Hii ni ya binti yangu," alisema siku zote.

Figo zilipomlaza, mama aliona nyumba inaelemewa na gharama. Hakumwuliza mtu. Akaichukua ile ya tundu, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaipeleka kwa muuza vitu vya kale nyuma ya stendi. Nasema tena, wasikilizaji: alitoa ya tundu, akachukua ya simba.

"Mwanangu, tumepona!"

Jicho Moja akabana kioo. Akaangalia, akaangalia tena. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, simba hawa nimewashika zaidi ya mia. Wapo tele."

"Mbona wanasema inanunua nyumba?"

"Ndiyo hivyo, wanasema! Simba ana sura, ana hadithi. Kila mtu anamtaka, bei inapanda midomoni tu. Senti za tundu ni nyingi, lakini za mwaka wa ile yangu zilitengenezwa chache mno, watu hata hawajaziona. Watagombania kitu wasichokijua? Mimi maisha yangu yote nimeona moja tu. Ile."

Mama alitoka mbio, kanga begani. Muuza vitu akajikuna kichwa. Alishamwuzia mpita njia, kwa bei ya soksi. "Kisarafu kile, mama, nani angekiulizia?"

Alirudi analia. Jicho Moja akamwuliza, "Kwani uliisugua?"

"Kwa majivu, mwanangu."

"Basi nyamaza, mama. Sarafu ya kale ikisuguliwa haina bei tena; thamani yake ilishabaki jikoni kwako."

Alimfuta machozi kwa utani, akiwa yeye ndiye mgonjwa. Hakulitaja tena jambo hilo. Wiki mbili baadaye tukamzika.

Tunampa pole mama, tunampa pole mjane, na binti wa marehemu, ambaye sasa kopo ni lake, na simba yumo ndani. Tutafakari pamoja haya, ambayo mama ametuomba tuyasome kama alivyoyasema:

Usisugue sarafu ya zamani.
Usishike bei ya kwenye foleni.
Usidharau kitu kwa kuwa hakiulizwi.
Usigawe cha mgonjwa wakati bado anaweza kukujibu.