Rinda la Kanini Mtaani

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Kanisa lilipopata viti vya plastiki, wazee waliyatoa mabenchi ya zamani, na moja likaishia mbele ya kibanda cha Mwangangi, fundi wa nguo, nyuma ya soko la Machakos, karibu na jiko la Mutanu muuza kahawa. Labda kwa kuwa lilizoea mahubiri, hakuna aliyelikalia akakosa la kusema. Hapo alikuja Masila, tarishi mstaafu wa ofisi ya D.O., ambaye kwa kubeba barua za serikali miaka mingi aliitwa Waziri. Alikuja Kitheka muuza mitumba, aliyeitwa Kamera, kwa maana wauza mitumba huiita kamera ile nguo safi ya kwanza kutoka kwenye belo, lile robota la mitumba, na yeye hajawahi kukiri kwamba ana nguo ya aina nyingine. Alikuja pia Bonface, aliyeshona nguo za kupelekwa ng'ambo katika kiwanda kimoja cha eneo la EPZ, Athi River, na kwa hiyo akaitwa EPZ. Mwangangi mwenyewe walimwita Tepu. Tepu yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda matangani.

Jumatatu moja ya mwaka 2004, cherehani ya Mwangangi haikulia. Fundi alikuwa amekaa katikati ya benchi, kikombe mkononi, anaitazama kahawa kama mtu anayengoja iongee. Kwenye ncha ya benchi aliketi mwanamume wa makamo mwenye gambuti, Josphat, mfugaji kutoka Konza. Ilikuwa mara yake ya kwanza hapo. Alikuwa ameleta suruali ibadilishwe zipu, akaambiwa angoje kidogo, akangoja.

— Tepu, umefiwa? akauliza Masila.

— Afadhali ningefiwa.

— Aiya! Usiseme hivyo, Mungu anasikia.

— Mama Lenny amenunua rinda.

— Sasa hiyo ni shida gani? Watu hununua rinda.

— Dukani, Waziri. Amenunua dukani. La Kanini.

Vikombe vikasimama njiani kuelekea midomoni. Hata Mutanu aliyekuwa akimimina kahawa akaacha birika likining'inia hewani.

Kanini alikuwa msichana wa huku huku Machakos. Alienda Nairobi na cherehani moja ya mkono, na sasa alikuwa na duka la vioo ambamo wake za mabalozi walikunywa chai huku wakipimwa viuno. Rinda lake moja lingekununulia ng'ombe pamoja na kamba ya kumfungia. Lakini mwezi ule alikuwa amefungua tawi dogo karibu na posta, la nguo za aina nyingine, za mtu wa kawaida, zenye lebo iliyoandikwa Kanini Mtaani.

Na Kalunde, mke wa Mwangangi, yaani Mama Lenny mwenyewe, hakuwa mteja wa kupotea hivi hivi. Mwangangi alikuwa amemvalisha tangu wakiwa wachumba. Alichovaa Kalunde kanisani Jumapili, wanawake walikuja kukiagiza Jumatatu. Alikuwa ndiye bango la kibanda, bango linalotembea na kuimba soprano. Jana yake bango hilo lilikuwa limesimama mlangoni mwa kanisa, na wanawake wakalizunguka.

— Wakamuuliza, "Mama Lenny, nani amekushonea?" Mwangangi akasimulia. Mimi niko hapo kando, nimeshika Biblia, nimeanza kutabasamu kwa mazoea. Akajibu, "Ni Kanini." Nimebaki nikitabasamu peke yangu.

— Ukamwambia nini? akauliza EPZ.

— Sikumwambia kitu. Mpaka saa hii sijamwambia kitu. Nimekula chakula chake, nimenyamaza.

— Lakini umekula, akasema Mutanu.

— Ilikuwa muthokoi na nyama, Mutanu. Mimi si mtu wa mawe.

Masila akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini.

— Mimi nimekuwa serikalini, akaanza, naye kweli alikuwa serikalini, kwenye korido. Wacheni niwaambie hizi nguo hutoka wapi. Bibi ya waziri anapimwa rinda leo. Kabla haijaisha kushonwa, saa saba kwa redio tunasikia waziri amepigwa kalamu, hana kazi. Sasa hiyo rinda itaenda wapi?

— Itakaa dukani, akasema Kamera.

— Nguo kama hiyo haikai. Inapunguzwa hapa, inakatwa pale, inabandikwa lebo ya Mtaani, inaletwa Machakos. Mkiona zimejaa pale karibu na posta, jueni kuna mabadiliko kwa baraza la mawaziri.

— Na hii ya Mama Lenny ilikuwa ya bibi ya waziri gani?

— Ni rangi gani?

— Kijani, akasema Mwangangi. Kijani ya avokado.

Masila akafumba macho kidogo.

— Hiyo ni Kilimo.

EPZ alicheka hadi kahawa ikammwagikia.

— Waziri, wacha mambo ya korido. Hiyo nguo imeshonwa kwa laini, kama zetu. Nguo ya mkubwa, Kanini anashika kwa mikono yake. Hii ya mtaani anachora tu, anatuma, halafu watu wanagawana kazi. Mmoja kola, mmoja mkono, mmoja zipu. Mimi nimeshona mfuko wa kushoto tangu niandikwe. Ukiniambia nishone wa kulia, nitauliza unaanzia wapi.

— Na mwenye kushona wa kulia?

— Simjui hata jina. Yuko upande ule mwingine.

— Sasa rinda moja linapita kwa watu wangapi?

— Kama arobaini hivi.

Mwangangi akaweka kikombe chini.

— Unaniambia watu arobaini wameshika rinda ya bibi yangu?

— Wengi ni wanawake, EPZ akasema haraka.

Mwangangi hakutulia. Kilichokuwa kikimkera hakikuwa hesabu ya mikono. Asubuhi ile, Kalunde alipotoka kuwapa kuku chakula, alikuwa ameifungua kabati na kulitoa rinda lile kwenye hanga. Alitaka kulikuta na kasoro. Alilipindua ndani nje, akaufuata kila mshono kwa kidole, akavuta mabega, akaukunja na kuukunjua upindo. Akawaeleza wenzake jambo hilo kwa sauti ya chini, akitazama barabarani.

— Na ukapata nini? akauliza Kamera.

— Nilipata uzi.

— Uzi!

— Uzi umening'inia, chini ya kwapa, urefu wa kidole. Nilifurahi nikataka kuimba. Nikasema, akirudi nitamwonyesha, nimuulize kama hii ndio Nairobi.

— Ukamwonyesha?

Mwangangi akainama.

— Niliukata.

— Uliukata kwa nini sasa?

— Si ni mkono! Mkasi uko mkononi, uzi unaning'inia, mkono ukafanya kazi yake. Nilipogutuka ushahidi uko sakafuni.

Masila alimtazama kwa huruma ya kweli. Katika ofisi ya D.O. alikuwa ameona mafaili yakipotea, lakini hajawahi kuona mlalamishi akilitafuna lake mwenyewe.

— Hamjui mnachosema, nyote wawili, akasema Kamera, ambaye alikuwa ameiweka hoja yake iwe ya mwisho. Mimi nguo ndio maisha yangu. Huyo Kanini ni watu wawili.

— Wawili vipi?

— Ni pacha. Mmoja anashonea wakubwa, mwingine anashonea sisi. Na huyu wa kwetu anatumia mkono wa kushoto. Nimeenda kwa hiyo duka, nimeangalia. Vifungo vyote viko upande wa kushoto!

— Kamera, vifungo vya wanawake viko kushoto tangu dunia iumbwe!

— Basi sasa mnajua huyo pacha alianza kazi lini.

— Endelea, akasema EPZ.

— Hiyo nguo ukiifua inaanza kuvuta. Leo kidogo, kesho kidogo. Inakubana, unarudi kununua ingine. Hiyo nayo inakubana. Unanunua ya bei kidogo juu, na ingine juu tena, mpaka siku moja unajikuta Nairobi umesimama ndani ya ile duka ya vioo, umepewa chai, na hujui ulifikaje.

— Rinda linampeleka mtu Nairobi?

— Polepole.

Mwangangi alijua ni upuuzi. Hata hivyo aliliona: Kalunde kwenye kochi la ngozi, kikombe kinachomeremeta mkononi, na yeye huku na tepu shingoni, anapima hewa. Masila alikuwa tayari amependekeza jambo hilo lifikishwe kwenye baraza la chifu, na EPZ akiuliza kama chifu ana mamlaka juu ya mapacha, pale yule mtu wa Konza alipojikohoza.

— Samahani wazee, akasema Josphat. Mimi ni mgeni, sijui mambo ya nguo. Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu.

— Uliza, mzee. Hapa ni huru.

— Hiyo nguo, kwani imemkataa huyo mama?

Ni swali jepesi, la ndiyo au la. Lakini Masila, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu uhuru, alikuwa jana yake kanisani, kiti cha tatu nyuma ya Kalunde, na macho anayo. Angewezaje kusema mbele ya mwenye mke? Akachungulia ndani ya kikombe chake. EPZ akagundua tope kwenye kiatu. Kamera akageuka kuutazama mkokoteni wa maji ukipita, akautazama hadi ukakunja kona na bado akatazama.

Na aliyestahili kujibu alikuwa Mwangangi. Kazi yake ilikuwa ni hiyo, kusema nguo hii imekukubali, hii imekukataa. Aliwaambia wageni kila siku bila kufikiria. Jana mlangoni mwa kanisa, kabla hajalisikia lile jina, kabla tabasamu halijamgandia usoni, alikuwa amemwona Kalunde akitoka juani, kijani kile shingoni, akasahau alichokuwa akimwambia mzee wa kanisa. Hilo hakuwa amelisimulia benchini.

— Huyo hapo anakuja, akanong'ona Mutanu. Muulizeni yeye.

Kalunde alikuwa akishuka kutoka sokoni kwenda kwenye mkutano wa chama cha akina mama, mkoba begani, na alikuwa amelivaa. Wanaume wakajipanga kwenye benchi wima kama siku ya ubatizo.

— Habari zenu?

— Nzuri, mama, wakajibu pamoja.

— Mama, akasema Josphat, ambaye huko kwao Konza hakufundishwa kuogopa, umependeza.

— Asante, mzee. Tangu jana nimeambiwa na watu wengi. Kuna mmoja tu amenyamaza.

Hakumtazama yeyote. Hakukuwa na haja. Mwangangi akasimama, akavuta tepu mbele na nyuma shingoni.

— Mama Lenny. Geuka kidogo.

Kalunde akageuka, polepole, kama alivyogeuka mara nyingi ndani ya kibanda kile. Mwangangi akatazama mabega, akatazama kiuno, akatazama upindo. Alitafuta neno la kifundi la kujificha nyuma yake, hakulipata.

— Limekukubali, akasema. Limekukubali sana.

— Ilikuwa ngumu hivyo?

— Ilikuwa ngumu. Lakini Kalunde, kwa nini? Mimi niko hapa. Mashine iko hapa. Si ungesema nikushonee?

Alimwita kwa jina lake, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Kalunde akashusha mkoba.

— Baba Lenny, nikuulize. Kitambaa cha kwaya kikibaki, nani anavaa?

Mwangangi akashika ncha ya tepu.

— Cha sare ya shule kikibaki? Ni mimi. Nimevaa kwaya, nimevaa shule, nimevaa harusi za watu. Mwaka jana nilivaa pazia za yule mtu wa Kyumbi.

— Zilikuwa pazia nzuri, akasema Mwangangi kwa unyonge.

— Zilikuwa nzuri, na ulizishona vizuri. Sijasema hujui kushona. Lakini nilienda kwa hiyo duka kuangalia tu, na yule msichana, Carol, akaniuliza, "Mama, unapenda rangi gani?" Nikasimama pale kama nimeulizwa hesabu. Nikajiuliza, kweli, mimi napenda rangi gani? Sikujua. Nikaona haya, watu wanangoja nyuma, nikachukua hii ya kwanza nikatoka mbio.

Kamera akafungua mdomo. EPZ akamkanyaga.

Mwangangi aliitazama cherehani yake, na boksi lililokuwa chini yake, limejaa vipande alivyovikunja vizuri, kila kimoja akikijua kilikotoka. Siku zote alijisifu kwa boksi lile. Hakuna kilichopotea, alikuwa akisema. Sasa uso ukamwaka kana kwamba ameguswa na pasi ya moto.

— Na unapenda rangi gani? akauliza.

— Si nimekwambia sijui.

— Basi twende tuone.

— Saa hii? Niko na mkutano.

— Watakutana.

Mwangangi akatoka vile vile alivyokuwa, tepu shingoni. Mutanu akaligeuza birika kuonyesha kwamba kahawa imekwisha, na wazee hawakulalamika. Walikuwa wakitazama watu wawili wakipanda barabara kuelekea duka la vitambaa, mke mbele na mume nyuma, hadi kwenye kona, ambapo mume aliongeza mwendo wakawa sawa.

Dukani, Mwangangi alimwomba mwenye duka amwachie kazi hiyo, akapanda ngazi mwenyewe. Akashusha jora la bluu. Kalunde akalivuta ncha, akaliweka shavuni mbele ya kioo, akatikisa kichwa. Akashusha la zambarau, hapana. La maua madogo lilimfanya afikirie kidogo, kisha nalo likakataliwa. Meza ilijaa. Tepu ya Mwangangi ilimteleza hadi mgongoni, mikono ikamuuma, na mwenye duka akaanza kutazama saa ya ukutani. Kalunde alikuwa ameketi juu ya kaunta kama msichana, viatu amevua, jora la manjano kali kama kiini cha yai limemlalia mapajani, rangi ambayo Mwangangi asingempa mteja hata ashikiwe bunduki. Akauma ulimi. Kalunde akaliinua mwangani, akalipima, akacheka peke yake.

— Hili nusura nilichukue, akasema, akilisukuma kando. Shusha lingine.