Bi Rudia na Jamii Tuliyoiandika Kuwa Haina Kiitikio

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa chumba chetu cha kusikilizia, tuliyemzoea kwa jina la Bi Rudia, anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na fundi mitambo, ambaye kila alipodhani wimbo umekwisha kupimwa aliombwa aurudie; hatimaye akawa anaurudisha mwanzo bila kungoja kuombwa.

Kazi yetu ni kulinganisha uimbaji wa jadi wa jamii mbalimbali kwa kuupa kila wimbo alama: waimbaji ni wangapi, sauti zinakwenda pamoja au zinapishana, maneno yanarudiwa kiasi gani. Bi Rudia alianza akiwa msaidizi, na mwongozo tunaoutumia leo ni wa mkono wake. Ni yeye aliyetukataza kuandika kwamba wimbo ni mzuri, kwa kuwa uzuri hauna safu katika jedwali. Mumewe, anayeimba bafuni kwa kujiamini kupita kiasi, inasemekana alikwisha kupewa alama zake na hajakata rufaa.

Tutamkumbuka zaidi kwa mwaka ambao ripoti kuu ilikuwa tayari kwenda kiwandani kuchapwa. Ilidai kwamba jamii moja ya milimani, tofauti na zote tulizozipima, haiimbi kwa pamoja, na mkurugenzi wa wakati huo alikuwa ameijengea hoja hiyo sura nzima. Bi Rudia alizisikiliza upya kanda zile, safari hii akizingatia sekunde zinazoutangulia wimbo. Katika kila kanda mrekodi wetu alisikika akiwasihi watu wanyamaze, aimbe mmoja, kwani kipaza sauti ni kimoja. Tulichokipima kilikuwa utiifu wa wenyeji kwa mgeni wao.

Mkurugenzi, ambaye mezani kwake lilikuwepo ombi la Bi Rudia la kupandishwa cheo, alimshauri aridhike na tanbihi. Jibu lake lilisikika hadi ukumbini: “Bosi, watu tuliowanyamazisha wenyewe tusiwaandike kuwa mabubu.”

Ripoti ilisimamishwa, mrekodi akarudi na vipaza sauti vya kutosha. Bibi mmoja alianza, kijiji kizima kikamjibu, na sura ile ikafutwa. Cheo Bi Rudia alikipata miaka minne baadaye, hatukumsikia akinung’unika.

Tangu hapo, hatupimi wimbo kabla ya kujua nani alikuwepo na hakuimba, na kwa nini.

Asante, dada yetu. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na siku zisizo na haraka.