CD ya Harusi ya Mabula

Ndani ya basi, Bernadina alijifanya anasoma simu, lakini masikio yote yalikuwa siti ya mbele yake. Bibi mmoja aliyepandia Bulyanhulu alikuwa amemkabidhi kijana asiyemjua CD ya harusi, akimwomba aitie kwenye laptop yake. "Nimwone mwanangu Mabula anavyocheza. Tumemzika juzi."

"Pole sana, mama. Ila kompyuta za siku hizi hazina pa kuingizia CD."

Bibi akaipapasa laptop pande zote, kama anayekagua ng'ombe mnadani. Kijana akaigeuza CD. "Mbona imekwaruzika hivi?"

"Niliitundika shambani itishe ndege wasimalize mtama. Wakati ule Mabula yupo, baba, anakula nyumbani kwangu. Nani angehangaika kumtazama kwenye CD?"

"Kwa mikwaruzo hii, mama, hata mashine ya zamani haitaisoma."

"Yumo humo. Mimi nilishamwona."

"Alikuwemo, mama."

"Yumo."

Gari liliposimama kituo cha Kambarage, bibi aliifuta CD kwa kanga, akaiinua dirishani kuitazama tena. Jua likaipiga, mwanga ukamrukia Bernadina machoni, naye akainamisha kichwa upesi, kama ndege wa shambani.