Namba Nane Kwenye Karatasi ya Bunge

Mama mwenyekiti wa kikundi chetu, na ninyi wenzangu mlioacha majembe leo kuja kukaa hapa, nashukuru kwa nafasi hii. Nimesimama mahali pale pale niliposimama siku ile niliyowapotosha. Jina la mtu sitataja. Atakayejitambua katika maneno haya acheke au anyamaze, vyovyote ni sawa.

Mimi mnanijua. Shule niliiachia darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimekata miwa hapa Kabras, nimebeba magunia ya mahindi Likuyani, nimechimba visima, nimechunga mbuzi wa watu ambao lugha yao sikuijua. Ugonjwa wangu ni kusoma. Nikinunua mandazi nasoma gazeti lililoyafunga. Nikipewa dawa nasoma kile kikaratasi cha ndani mpaka jina la kiwanda. Watu wakaanza kuniita wakili, kwanza kwa mzaha, halafu mzaha ukaisha na jina likabaki. Na mimi nikalipenda. Hapo ndipo nilipoanza kuanguka, ingawa wakati ule niliona napanda.

Dada yangu mkubwa, mjane, ndiye aliyenipa chumba niliporudi mara ya mwisho. Wengi wenu wakati huo mlikuwa mmechukua zile kadi za mkopo. Mnakumbuka hema lao pale sokoni, na kofia za bure. Unaingia dukani, unachukua mbolea, unapitisha kadi kwenye kimashine, unaenda nyumbani, utalipa kidogo kidogo kila mwezi. Dada alichukua mbolea na mabati. Miezi ya kwanza ilienda vizuri. Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba riba imepanda. Si riba ya mkopo mpya tu, bali hata ya mbolea iliyokwisha kuingia kwenye miwa. Baada ya muda, ujumbe mwingine, imepanda tena. Dada alinipa simu nisome mara ya pili, akidhani macho yangu yamekosea.

Nikaanza kuulizauliza. Nikagundua kwamba Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya kukataza jambo hilo hilo, yaani kumpandishia mtu riba ya deni alilokwisha kuchukua. Nilifurahi kwa dakika moja. Halafu nikasoma mstari wa chini, kwamba sheria itaanza kufanya kazi mwaka ujao. Ndugu zangu, nilishtuka. Watu wa kadi walikuwa wamepewa mwaka mzima wa kupandisha wanavyotaka kabla mlango haujafungwa, na walikuwa wanautumia. Kisha nikasikia redioni kwamba mbunge mmoja ameleta mswada wa kuharakisha, ili sheria ianze mara moja bila kungoja mwaka ujao.

Nikaenda saiba, lile duka la intaneti pale Malava, nikamwomba binti wa pale anitafutie. Akatoa karatasi inaitwa orodha ya shughuli za siku, ambayo Bunge huitoa kila siku ya kikao. Alhamisi ijayo, saa nane na nusu mchana. Namba moja maombi, namba mbili nini, namba tatu nini, na namba nane, mswada wa kadi za mkopo, kusomwa mara ya tatu. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Nililipa nikachapiwa, nikatembea na ile karatasi kifuani kama cheti cha ndoa.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana mtu wa Mombasa pengine asingelifanya. Sisi tumelelewa na orodha. Orodha ya mashamba ya kuvunwa ikibandikwa pale kwenye mizani ya miwa, jina lako likiwemo, muwa wako ni kama umekatwa. Trekta inaweza kuchelewa, inaweza kukwama matopeni wiki nzima, lakini itakuja. Mtu akishaona jina lake anakopa sukari dukani kwa nguvu ya lile jina tu, na mwenye duka hakatai. Kwa hiyo mimi nilipoona namba nane, kwangu ile sheria ilikuwa imeshaanza. Nilibaki kungoja trekta.

Nikasimama hapa. Nikawaambia msilipe tena. Nikasema Alhamisi mambo yanakwisha, na yeyote atakayelipa kabla ya hapo anamnenepesha mwizi. Mlipiga makofi. Mama mmoja aliuliza nina hakika gani, na mimi nikainua karatasi juu, nikamwambia, "Mama, hii ni ya Serikali." Mkanichangia nauli niende Nairobi nikashuhudie kwa niaba yenu. Wanawake saba wakaacha kulipa siku hiyo. Wa kwanza alikuwa dada yangu.

Alhamisi nilikuwa langoni mwa Bunge kabla ya saa sita. Nikaacha simu na kitambulisho, nikakaguliwa, nikapandishwa juu wanapokaa wageni. Nikakaa nimenyooka. Nilikuwa na karatasi yangu na kalamu, kila namba ikipita naiwekea alama. Namba moja ikapita. Namba mbili ikapita. Namba tatu ikaanza, ilikuwa habari ya mito na mabwawa, na kila mbunge alikuwa na mto kwao. Saa zikaenda. Nikajiambia watakimbia mwishoni, kama sisi tunavyokimbia mvua ikikaribia. Kisha, wakiwa bado mtoni, Spika akatazama saa, akasema kikao kimeahirishwa hadi Jumanne. Watu wakakusanya makaratasi yao wakatoka wakizungumza.

Mimi sikutoka. Niliganda. Afisa wa mlangoni akanijia, nikamwuliza, "Samahani mkubwa, na namba nane?"

"Namba nane imefanya nini?"

"Haijasomwa."

"Basi haijasomwa. Hiyo karatasi ni ya kazi wanayokusudia, si kazi waliyomaliza. Itarudi wiki ijayo, au mwezi ujao."

Nikamwambia kuna watu nyumbani wameacha kulipa madeni kwa sababu ya namba nane. Akasema hata mswada ungesomwa leo ukapita, bado ungengoja sahihi ya Rais, na bado sheria yenyewe husema itaanza siku gani. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, "Ndugu, wapigie simu watu wako sasa hivi."

Nawaambia ukweli, nilirudishiwa simu pale langoni, ilikuwa na chaji, na sikupiga. Nilijua nikipiga, wakili amekufa. Niliposhuka Eldoret kubadilisha gari, nikapanda la Likuyani badala ya la kurudi kwetu. Nikatoa laini kwenye simu. Nikarudia kazi ya kubeba magunia, nikajiambia pengine mambo yatajinyoosha yenyewe. Mwenzangu mmoja kwenye magunia aliniuliza mbona siku hizi sisomi hata gazeti la kufungia sukari. Nikamwambia macho yanauma.

Nilikaa huko zaidi ya miezi miwili. Siku moja akaja mama wa upande wetu kununua mahindi. Akanitazama, akaweka kikapu chini.

"Wewe si yule wakili?"

Nikageuza uso.

"Dada yako amechukuliwa ng'ombe. Madalali walikuja na lori. Na yeye bado anakutetea huko, anasema labda Bunge limechelewa kwa sababu ya mvua."

Gunia lilikuwa begani mwangu. Sikumbuki nikiliangusha, nakumbuka tu watu wakipiga kelele na mahindi yakiwa yametapakaa miguuni mwangu. Ng'ombe yule alikuwa mmoja. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimpeleka binti wa dada sekondari. Na sikuelewa kadi ya mbolea iliingiaje zizini.

Nilirudi siku hiyo hiyo. Dada alikuwa jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinitazama, akageukia sufuria, akanipakulia obusuma, ugali wetu, na mboga, akasema, "Kula kwanza. Ukishiba utaniambia hiyo namba nane ilienda wapi."

Nikamweleza yote, hata habari ya simu iliyokuwa na chaji. Aliposikia hiyo ya simu, aliondoka akaenda nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na sanduku la bati. Akatoa mkataba wa kadi, akauweka mbele yangu. Ng'ombe alikuwa ameandikwa mle kama dhamana, na alama ya kidole cha dada iko chini yake.

"Wewe unasomanga kila karatasi ya nchi hii," akasema. "Hii iliyokuwa chini ya kitanda changu ulikosa macho?"

Ndugu zangu, nikaisoma. Nikaisoma kwa mara ya kwanza, nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka mahali ilipokuwa siku zote. Na nyuma ya ukurasa wa nne, kwa maandishi madogo kama siafu, nikakuta maneno haya: kampuni ikipandisha riba, mwenye kadi anaweza kukataa kwa barua ndani ya siku thelathini, kadi itafungwa, na atamaliza deni lake kwa riba ya zamani. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa nimepita juu yake nikaenda mpaka Nairobi kuitafuta.

Kesho yake nilikuja hapa nikakiri mbele yenu. Mama mmoja alinitemea mate miguuni, na alikuwa na haki. Nilipoanza kulia, mama mwenyekiti alisema, "Machozi yako hayapunguzi riba. Kila mwenye kadi alete mkataba wake, na huyu asome kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka sauti ikauke." Tulisoma siku mbili. Nilipokuwa mafichoni riba ilikuwa imepandishwa mara ya tatu, na ujumbe huo ulikuwa na wiki tatu tu, kwa hiyo siku zilikuwa bado zipo. Tukaandika barua saba. Nilikwenda na kila mmoja wenu mpaka ofisi ya kampuni ya kadi mjini, na hatukutoka bila muhuri. Kwa ule upandishaji wa kwanza na wa pili tulikuwa tumechelewa, huo mnaulipa mpaka leo, na mimi nauona. Ng'ombe wa dada alikuwa ameshauzwa. Nimekata miwa msimu mzima nikamnunulia ndama. Ndama si ng'ombe. Binti alipoteza muhula mmoja, na muhula hauuzwi mnadani niukomboe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mwenyekiti aliyeniadhibu kwa kunipa kazi. Nawashukuru ninyi saba, hata uliyenitemea mate, maana baadaye ulinikaribisha chai. Dada, wewe sina maneno. Afisa yule wa mlangoni sitamwona tena, ila alinipa shauri jema na nikaliacha pale pale langoni.

Niliyojifunza ni haya. Jambo linaweza kuwa linakusudiwa, linaweza kuwa limepita, na linaweza kuwa limeanza, na kati ya moja na jingine kuna nafasi ya lori la madalali kupita. Mtu akikuletea habari njema, mwulize limefika wapi kati ya hayo. Akikasirika, mshuku zaidi.

Na sasa habari yenyewe. Ule mswada umesomwa, umepita, umetiwa sahihi. Nimeusoma wote, na mama mwenyekiti ameusoma baada yangu. Sheria inaanza mwezi ujao, tarehe moja. Haijaanza leo, na malipo ya mwezi huu mwisho wake ni kesho. Saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa wakala anayepokea malipo ya kadi. Mwenye kadi aje, tulipe.